Mguu wa Dobi

Chumba cha vidonda kilikuwa cha mwisho kabisa. Unapita famasi, unapita stoo ya magongo na vitanda vibovu, mpaka pale ukuta wa hospitali unapokutana na uzio. Waliokipanga huko hawakuficha sababu, nayo ilikuwa harufu. Daktari hakulalamika hata siku moja. Alisema chumba cha mwisho kina madirisha pande mbili, na anayetaka chumba cha mbele akatibu mafua.

Wagonjwa walimwita Daktari Pua, nao walidhani hajui. Jina lilimfaa. Kabla hajavaa glavu, kabla hajagusa kitu, aliinama juu ya kidonda akavuta pumzi kama mpishi anayefunua sufuria, kisha akatoa hukumu. "Hiki kimelowa mno." "Hiki kimeingiliwa na vijidudu, Sista, lete siki." "Hiki hakina neno, hiyo ni soksi." Hukumu hiyo ya mwisho aliitoa mara nyingi kuliko mtu angedhani.

Kazi yake ilikuwa vidonda visivyotaka kupona. Si jeraha la jana la kisu cha jikoni, bali vile ambavyo watu huviita donda ndugu, na kweli hukaa na mtu kama ndugu aliyekuja kusalimia akasahau kuaga. Madaktari wengi huvikimbia. Havina sifa, havina haraka, na mgonjwa akipona hakuna anayejua isipokuwa yeye na shuka zake. Daktari Pua alivipenda, na hakuona haya kusema. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono ya kiume na mdomo usio na breki, na alijua kwamba katika hospitali ile hakuna aliyemfikia kwa kazi hiyo. Ukimwambia hivyo hakukataa. Unyenyekevu, alisema, ni wa watu wenye muda.

Mama mkwe wake hakuwahi kumwelewa.

"Wenzako wanapokea watoto," alimwambia kila alipokuja kuwatembelea, "wewe unapokea usaha. Mtu akiniuliza mkwe wangu daktari wa nini, nasema wa macho."

"Sema tu wa macho, mama," alijibu Daktari, huku akimmiminia chai. "Ila usiniletee mtu wa macho, nitamfunga bendeji."

Asubuhi zake zilifanana bila kufanana. Angeanza na dereva wa lori mwenye kisukari, ambaye alikuwa ametembea na msumari ndani ya kiatu tangu mjini hadi mpakani bila kuhisi kitu. "Siku hizi kabla ya kuvaa kiatu unakifanyaje?" "Nakikung'uta, Daktari." "Na ndani?" "Natia mkono." "Mkono wa nani?" "Wangu, Daktari, mke wangu amekataa." Kisha angeingia bibi kizee anayesukumwa kwenye kiti, mwenye kidonda cha kulalia mgongoni, na binti zake wawili wakigombana nani alisahau kumgeuza. Daktari aliwaacha wagombane. Alijua kwamba nyumba ambayo watu wanagombania mgonjwa, mgonjwa hupona, na kwamba cha kuogopa ni nyumba iliyonyamaza.

Alikaa kwenye kigoda kifupi, aproni ya plastiki mapajani, na mguu wa mgonjwa akaupakata kama mtoto. Hakufanya hivyo kwa huruma tu. Alisema ukiwa chini ya mtu, mtu hukuambia ukweli. Mkononi alishika kibano na kisu kidogo, akawa anaondoa nyama iliyokufa kidogo kidogo, huku akiuliza: unalala wapi, unafanya kazi gani, umekaa au umesimama, nani anakufungia, anakufungia baada ya kuoga au kabla. Bandubandu huisha gogo, alikuwa akimwambia kila anayelia kwamba tiba inachelewa.

Ndivyo alivyokuwa amekaa siku dobi alipoingia kuomba akatwe mguu.

Dobi alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye shati jeupe ambalo kola yake ilisimama wima kama askari. Nyuma yake aliingia mkewe, mama mfupi mwenye kikapu. Mzee hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Alikivuta mpaka dirishani, akakaa upande ambao upepo ulikuwa unatoka kwenda nje, na Daktari akajua kwamba huyu ameshazoea kuchagua pa kukaa.

"Habari za nyumbani, mzee wangu?"

"Nzuri, Daktari. Sina maneno mengi. Nimetoka kwa bingwa wa upasuaji, amekubali. Ila kasema lazima kwanza nipite kwako, ndio utaratibu. Basi nimepita. Wewe mwambie tu akate."

"Akate nini?"

"Mguu. Huu."

Alisema kama mtu anayeagiza kitambaa. Daktari akaupakata ule mguu, akafungua matambara. Juu ya kifundo, upande wa ndani, palikuwa na kidonda kipana kuliko kiganja chake, chenye utando wa manjano na kingo ngumu. Ngozi ya muundi ilikuwa imekuwa nyeusi na kukakamaa, na unyayo umejaa kama mkate. Akainama, akanusa. Kisha akatafuta kwa vidole viwili mapigo ya damu juu ya unyayo, akayapata, akayasikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji, kwa sababu yalimfurahisha.

"Kwa nini unataka ukatwe?"

"Nafua nguo za watu, Daktari. Mteja akija kuchukua suti yake, anainusa suti, halafu ananitazama mimi. Wengine wameshahama. Sasa nimepiga hesabu yangu. Pasi naishika kwa mikono, siishiki kwa mguu. Kateni mguu, nibaki na kazi."

Mkewe aligeuza uso akatazama ukuta. Daktari aliona.

"Mama, wewe unasemaje?"

"Mimi nina cha kusema? Mguu ni wa kwake."

"Haya," alisema Daktari Pua, na akaufunika mguu. "Nisikilize, mzee wangu. Damu yako inashuka vizuri mpaka kwenye vidole. Taabu yake ni kupanda. Ile mishipa ya kuirudisha juu ina vilango, na vyako vimelegea kwa miaka ya kusimama. Basi maji yanabaki chini, nyama inalowa kutoka ndani. Wewe dobi. Nguo ukiiacha kwenye beseni wiki nzima inakuwaje?"

"Inaoza."

"Ukitaka isioze?"

"Naikamua."

"Basi wamekupaka dawa miaka yote, hakuna aliyekukamua. Mimi nitakukamua. Mguu huu haukatwi."

"Mungu akipenda," alisema mkewe haraka.

"Mungu ameshapenda, mama, ndiyo maana mapigo yapo. Kilichobaki ni bendeji."

Bingwa wa upasuaji, ambaye hospitali nzima walimwita Bwana Msumeno, alikuwa amesoma darasa moja na Daktari Pua na hawakuacha kuchokozana tangu hapo. Si mtu mbaya. Alikuwa amekata miguu mingi ya watu waliochelewa, na kila mmoja ulimkera. Kinyama alichokuwa amekichukua kwenye kingo za kidonda kilikuwa kimerudi kutoka maabara bila saratani, kwa hiyo hakuwa na ugomvi mkubwa.

"Umeniibia mgonjwa," alimwambia wakiwa kwenye korido.

"Mgonjwa gani, wewe? Huyo ni wangu, amepotea njia."

"Sawa, mjaribu. Lakini mzee amechoka, na aliyechoka humfungi kamba. Nimempa tarehe ya upasuaji baada ya mvua. Kidonda kikiwa vilevile siku hiyo, nafanya alichoniomba."

"Weka tarehe yako. Utapumzika siku hiyo."

Bendeji zenyewe zilikuwa za pamba, pana, zilizofumwa kwa nyuzi zilizosokotwa kiasi kwamba ukizivuta zinanyooka kidogo, ukiziachia zinarudi. Nguvu yake yote ilikuwa katika kule kurudi. Daktari aliwapa seti mbili, moja ivaliwe nyingine ifuliwe, akamfundisha mke wa dobi kufunga: anzia kwenye mzizi wa vidole, zunguka kisigino, panda mpaka chini ya goti, vuta sawasawa, usiache dirisha. Mama yule alikuwa na mikono mizuri. Mara ya tatu alifunga kiasi kwamba Sista, muuguzi wa chumba kile, aliwaita wenzake waje watazame. Dobi naye akaamriwa asipige pasi akiwa amesimama tena. Akachonga stuli ndefu, akatafuta kreti ya kuwekea mguu.

Kidonda kikasikia. Utando ukaondoka, chini yake ikatokea nyama nyekundu yenye chembechembe, nzuri, na kingo zikaanza kuvuta ngozi mpya. Kila alipokuja, Daktari alilaza karatasi ya nailoni juu yake akakichora kwa kalamu ya wino mzito, na kila mchoro mpya ulikuwa ndani ya ule wa zamani. Daktari alitembea koridoni kifua mbele. Siku moja, kwa furaha, alimwambia dobi mbele ya benchi zima la wagonjwa:

"Jamani, mtazameni huyu. Tangu nianze kazi sijaona mgonjwa msafi kama huyu. Tazameni hiyo bendeji. Mjifunze!"

Mzee alikaa wima zaidi. Hata kola yake ilionekana kama imeongezeka urefu. Siku hiyo aliondoka bila kuegemea ukuta, na mkewe akamfuata akitabasamu.

Tangu siku hiyo Daktari hakumfunga tena kwa mkono wake. Foleni ilikuwa ndefu, na mama alikuwa fundi, tena fundi aliyefundishwa na yeye. Alitazama kidonda, akaweka shashi safi, akampisha mama amfunge mzee kule nje kwenye benchi. Akipita aliangalia kwa jicho moja, akaona bendeji nyeupe imelala bila kasoro, akaendelea na safari. Mwalimu huamini kazi yake.

Na hapo ndipo kidonda kiligoma.

Kwanza mchoro mpya ulilingana na wa zamani. Daktari hakujali, vidonda hupumzika. Mara iliyofuata mchoro mpya ulitoka nje ya ule wa zamani upande mmoja, kisha pande zote. Unyayo ulianza tena kujaa. Harufu ikarudi, na mzee akarudi dirishani. Daktari alibadilisha dawa ya kuoshea, akabadilisha shashi, akapima sukari, akapima damu, akamuuliza kuhusu chakula, usingizi, na hata ugomvi wa nyumbani. Hakuna kitu. Mvua zikaanza kupungua.

"Anasimama," alimwambia Sista kwa hasira. "Nakwambia anasimama. Ananiapia hapa kuwa anakaa kwenye stuli, halafu akifika kwake anasimama kutwa kucha kama mlingoti. Unyayo haudanganyi."

"Mzee yule haongopi, Daktari."

"Kila mtu anamwongopea daktari. Hata mimi namwongopea wa meno."

Bwana Msumeno hakumcheka. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alimwambia tu, "Tarehe yangu ipo palepale," akaenda zake.

Basi Daktari Pua akaamua kwenda kumfumania. Alitoka kazini alasiri, akavua koti jeupe, akauliza njia kwa muuza vocha, na akaingia kichochoro ambacho kamba zake zilikuwa zimejaa mashuka ya hoteli. Duka la dobi lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kaunta ya mbao iliyolainika kwa viwiko vya watu, ukutani nguo ndani ya nailoni zimetundikwa kwa mpangilio wa rangi, nyuma meza kubwa iliyotandikwa blanketi, na joto la kukutoa jasho kabla hujasalimia. Hakubisha hodi. Alisimama nyuma ya safu ya makoti, akachungulia.

Mzee alikuwa amekaa. Kwenye stuli, mgongo umenyooka, mguu mgonjwa juu ya kreti, mto umewekwa chini ya kisigino. Alikuwa mtiifu kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kumtibu. Daktari aliona aibu ikimpanda shingoni, na angegeuka aondoke kimyakimya kama asingetazama kile kilichokuwa juu ya meza.

Ilikuwa bendeji. Mzee alikuwa ameinyoosha urefu wote wa meza. Alinyunyiza maji ya wanga kwa vidole, akashika pasi nzito, akaipitisha polepole kutoka ncha hadi ncha, na mvuke ukapanda. Akaigeuza, akapiga upande wa pili. Kisha akaikunja kwa mikunjo inayolingana, akaiweka juu ya nyingine tatu zilizokuwa tayari, akazipigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Mzee!" Daktari alipiga ukelele, makoti yakatikisika. "Unafanya nini?"

Dobi aliruka, nusura aangushe pasi. Mkewe alitokea nyuma na mikono imejaa povu.

"Karibu, Daktari! Si nakaa? Unaona mwenyewe, nakaa. Hizi nazimalizia tu, kesho si kliniki?"

Daktari alizunguka kaunta, akachukua bendeji ya juu, akaikunjua, akaivuta. Haikuvutika. Akaivuta kwa nguvu. Ilikaa vilevile, bapa, ngumu, inang'aa. Akachukua ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa safi kupita kiasi na zote zimekufa. Mama alikuwa anamfunga mumewe riboni.

"Umeanza lini kuzipiga pasi?"

"Hizi?" Mzee alimtazama bila kuelewa. "Mwanzoni tulikuwa tunafua na kuanika kivulini, kama ulivyosema. Halafu siku ile uliponisifu mbele za watu, nikajiuliza, mimi dobi, nisifiwe usafi na nguo haijapigwa pasi? Nikaona haya. Nilipozishika nikajua ni pamba tupu. Pamba inataka pasi ya moto na wanga kidogo. Hilo halina ubishi."

Halikuwa na ubishi. Ilikuwa pamba. Daktari Pua alikaa juu ya gunia la nguo chafu bila kukaribishwa, akaanza kucheka, na kicheko kikamponyoka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaona kwamba machozi yenyewe si ya kucheka. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Dobi akisifiwa, bendeji huitia wanga. Na aliyemsifu ni nani?

Aliwaeleza. Hakuzungusha maneno, maana hakujua kuzungusha. Aliwaonyesha bendeji mpya kutoka kwenye mkoba wake, akaivuta ikanyooka, akaiachia ikarudi, akaweka mkononi mwa mzee. Mzee aliivuta na kuiachia mara nyingi. Vidole vyake vilielewa kabla uso wake haujaelewa.

"Kwa hiyo mimi mwenyewe," alisema mwishowe, "ndiye niliyekuwa nakilea."

"Wewe ulipiga pasi, mimi nikapiga makofi. Tumekilea wote wawili. Sasa tunaanza upya."

"Hapana, Daktari."

Mzee aliiweka ile bendeji juu ya meza, akazima pasi, jambo ambalo mkewe alisema baadaye hajawahi kuliona mchana.

"Siku nilipokuja kwako nilikuwa nimeshakubali kukatwa. Unajua kazi ya kukubali? Nilikaa na jambo lile mpaka likakaa na mimi. Ukaja wewe ukanivunjia, nikatumaini. Kikaanza kuziba, nikaanza kupiga hesabu za wateja waliohama, nani atarudi. Halafu kikarudi. Nimeanza kukubali upya, nimefika katikati, na leo unaniambia nitumaini tena. Kukatwa si kugumu. Kugumu ni huku kwenda na kurudi."

Daktari Pua, mtu wa jibu kwa kila kitu, alifungua mdomo. Alitaka kusema mguu haukatwi, kama alivyosema mara ya kwanza. Akaona kwamba maneno yale yale hayawezi kutumika mara mbili kwa mtu mmoja. Basi akamwambia alichokuwa nacho.

"Sikuahidi chochote leo, mzee wangu. Nakwambia ninachokijua. Kilipokuwa kinakamuliwa, kilikuwa kinaziba. Uliona kwa macho yako."

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye mikono ya mama, yakidondoka sakafuni, naye hakuyapangusa.

"Baba," alisema, "yule daktari wa mwanzo aliniuliza nasemaje, nikasema sina la kusema. Ninalo." Alisahau kwamba daktari aliyemuuliza ndiye huyu aliyekaa juu ya gunia. "Mguu ni wako, sawa. Lakini anayeufunga ni mimi. Anayeosha ni mimi. Wewe umechoka, mimi sijachoka. Nikichoka nitakwambia, tutakwenda pamoja ukakatwe."

Mzee alimgeukia Daktari.

"Tarehe ya Bwana Msumeno siifuti," alisema.

"Usiifute," alijibu Daktari.

"Ikifika, nakwenda na mfuko wangu. Akiona kimepungua, sawa. Akiona hakijapungua, hakuna kunivuta shati."

"Sitakuvuta."

Daktari alimwachia mzee bendeji mpya, akaondoka na zote nne kwapani pamoja na zile za mguuni, akazitupa mwenyewe ili zisipate wa kuzihurumia. Kuanzia hapo kila mzee alipokuja kliniki alimfunga kwa mikono yake, foleni iwe ndefu isiwe ndefu, na kabla ya kufunga aliivuta kila bendeji mbele ya pua yake kama mtu anayekagua noti. Sista alimtania kwamba sasa amekuwa dobi. Mama mkwe, aliposimuliwa, alicheka mpaka akakohoa, akasema kisa kizuri namna hii hakiwezi kuwa cha daktari wa macho, na kwamba kuanzia sasa atawaambia watu ukweli.

Siku ya tarehe Bwana Msumeno alikuwa na wagonjwa wengi. Dobi alifika mapema, shati jeupe, mfuko wa safari begani, mkewe pembeni. Daktari Pua naye alikuwepo, amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Hakuwa amewaambia michoro ya mwisho ilikuwaje. Alitaka jicho lingine liseme, kwa sababu la kwake lilikuwa limeshakosea mara moja kwa kujipenda.

"Umekula, mzee?" aliuliza Bwana Msumeno, akivaa glavu.

"Sijala. Tangu jana usiku, kama ulivyoagiza. Nimekuja tayari."

Bingwa alifungua bendeji. Mzee alitazama dari. Mkewe alitazama uso wa mzee. Bwana Msumeno alichukua karatasi ya nailoni ya siku ya kwanza, ile yenye mchoro mkubwa kuliko kiganja, akailaza juu ya kifundo. Ndani ya mchoro ule mpana palikuwa na ngozi, ngozi, ngozi, nyembamba, ya waridi, yenye kumeremeta kidogo, na katikati yake kidonda chekundu kisichozidi kidole gumba. Aliitoa karatasi, akairudisha kana kwamba hakuamini imekaa sawa. Kisha akainama, yeye Bwana Msumeno, akanusa.

"Mzee," alisema, akivua glavu, "nenda ukale."

Dobi hakuelewa. "Nile? Si umesema nisile?"

"Nimesema usile kama nakukata. Nenda ukale, ukanywe na chai. Mama, mpeleke mtu huyu akale, anatetemeka." Alipopita mlangoni alimsogelea Daktari Pua sikioni. "Kikulacho ki nguoni mwako, eh? Na pasi juu!" Akacheka peke yake hadi mwisho wa korido, na Daktari akamwacha acheke, kwa kuwa ilikuwa haki yake.

Kile kidole gumba kilichobaki kilichukua muda wake, kama kawaida ya vidonda. Kikawa ukucha, kikawa punje, kikawa doa. Siku Daktari alipoosha mguu akakosa mahali pa kuweka shashi, alipiga kelele Sista akaja mbio akidhani kuna mtu kaanguka. Wateja wawili waliohama walikuwa wamesharudi, mzee alisema, na wa tatu alikuwa amepita dukani mara mbili akijifanya anauliza saa.

Kilichobaki kilikuwa soksi ya kubana, ya kuvaliwa kila asubuhi maisha yake yote, ili vile vilango vilegevu visimrudishe alikotoka. Daktari alikaa kwenye kigoda, akaupakata mguu, akaanza kuikunja soksi aivishe.

"Daktari," alisema dobi, "nina jambo."

"Sema."

"Siku ile ya kwanza nilikuja ukubali nikatwe. Ungekubali, ningekatwa, mimi ningekushukuru. Tena si kwa mdomo tu. Ningekuja hapa kwa magongo, na mke wangu, na zawadi, nikakushika mkono kama ninavyokushika leo. Shukrani ile ile. Ningekufa nikikuombea. Nimelifikiria hilo, sijalala."

Daktari Pua alikumbuka walioondoka chumbani mwake wakimshukuru, nyuso nyingi, miaka mingi, na kwa mara ya kwanza hakujua ni wangapi kati yao aliowasaidia kweli. Aliinamia soksi. Aliivuta juu ya vidole, akaipitisha kwenye unyayo, akaipandisha kwa mikono miwili, polepole, akilainisha kila kikunjo kwa kidole gumba.

"Kisigino kimekaa?"

"Kimekaa."

"Haijakubana mahali?"

"Hapana."

"Haya, baba," alisema. "Simama nikuone."

Mzee akasimama.